Jinsi ya Kuchagua Neno Sahihi la Kiingereza kwa Fahari, Mbwembwe na Sherehe

Mwandishi anayeripoti harusi iliyofana, katibu anayeandaa mwaliko wa mahafali, mfasiri aliyekabidhiwa hotuba ya uzinduzi na mwanafunzi anayeandika insha hukwama mahali pamoja. Kwa Kiswahili wanaisimulia shughuli mpaka msikilizaji akaiona, lakini wakifika kwenye Kiingereza wanashika neno la kwanza walilolikuta katika kamusi, na matokeo yake ni bibi harusi anayeitwa mwenye majivuno katika sentensi iliyokusudiwa kumsifu. Maswali yanayofuata hayabadiliki: kama "pomp" na "pompous" zina maana moja, kama "fanfare" ni furaha, kama "ceremony" ni harusi nzima au sehemu yake, na kwa nini mhariri aliyeko Uingereza amefuta maneno ambayo magazeti yetu huyachapa kila wiki.

Mwongozo huu unakusudia kukufikisha kwenye neno sahihi kwa mpangilio unaoweza kuurudia kila unapoandika. Jambo moja ndilo linaloubeba wote. Kiswahili huiacha hukumu katika sauti na muktadha, hata "mbwembwe" zikawa sifa kwa mchezaji wa mpira na lawama kwa kiongozi, ilhali maneno mengi ya Kiingereza ya fungu hili yamekwisha kubeba hukumu ndani yake kabla hujayaweka katika sentensi. Kwa hiyo utaamua kwanza unasifu, unaarifu au unalaumu, ndipo utafute neno.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa sentensi yako ya Kiswahili ikiwa imekamilika, yenye mtendaji, tendo na mahali. Anayeanza na neno moja pekee, kwa mfano "fahari", hana namna ya kujua ni fahari ipi.

Uwe na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, kama ile ya Oxford ya wanafunzi wa ngazi ya juu au ile ya Longman. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili, zikiwamo zile za TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), zinafaa kukupa orodha ya maneno ya kujaribu, lakini si kazi yake kukuambia kila mara neno lipi linaudhi. Kamusi ya wanafunzi huandika alama ya C kwa jina linalohesabika na U kwa lisilohesabika, huonyesha kama neno ni rasmi au la mazungumzo, na, lililo kubwa kuliko yote, huweka neno "disapproving", au maelezo yenye "disapproval", kwenye maana inayotumika kulaumu. Alama hiyo moja itakuokoa mara nyingi.

Mwisho, mjue msomaji wako. Mwaliko wa ubalozi, habari ya gazeti la Nairobi na ujumbe wa simu kwa rafiki aliyeko Toronto havitumii neno lile lile hata kama vinaisimulia shughuli moja.

Hatua ya 1: Amua hukumu yako kabla ya kufungua kamusi

Isome sentensi yako ya Kiswahili, kisha uandike kando yake neno moja kati ya haya matatu: sifa, taarifa, lawama. Usiendelee mbele kabla ya kuliandika.

Ukiwa unasifu, maneno yaliyo salama ni "splendour" kwa uzuri mkubwa unaovutia macho, "grandeur" kwa ukubwa wenye heshima, "pageantry" kwa gwaride na mavazi ya kihistoria, na "panache" au "flair" kwa mtu anayelifanya jambo kwa madaha. Ukiwa unaarifu tu, tumia "ceremony", "procession", "parade", "festivities". Ukiwa unalaumu, Kiingereza kina akiba kubwa: "ostentation" ni kuonyesha mali ili watu waone, "showy" na "flashy" ni mng'aro usio na kina, "gaudy" ni rangi na mapambo yaliyopita kiasi, "pretentious" ni kujitia ukubwa usio nao, na "show off" ni kujishaua.

Katikati yamebaki maneno yanayogeuka kufuatana na jirani zake: "pomp", "fanfare", "lavish", "flamboyant". Hayo yatarudi katika hatua zinazofuata, kwa sababu ndiyo yanayotumika zaidi na ndiyo yanayokosewa zaidi.

Hatua ya 2: Taja ni nini hasa kilichoonekana au kusikika

Kiswahili kinaweza kuikusanya shughuli yote katika "shamrashamra". Kiingereza hupenda kujua kama kilichovutia kilikuwa mwendo wa watu, sauti, mavazi, gharama au tabia ya mtu, na kila kimoja kina maneno yake.

Mwendo wa watu na vyombo katika utaratibu wa kale ndio unaoitwa "pageantry". Mfano ulio wazi ni kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu jijini London tarehe 6 Mei 2023. Baada ya ibada katika kanisa la Westminster Abbey alirudi kwenye kasri lake ndani ya gari la dhahabu lililotengenezwa mwaka 1762, lenye uzito wa takriban tani nne, likivutwa na farasi wanane huku askari wenye sare wakilitangulia na kulifuata. Mwandishi wa Kiingereza huitaja shughuli hiyo kwa "pageantry" bila kusita, kwa sababu mambo matatu yamekutana: msafara, mavazi na mapokeo ya muda mrefu. Harusi ya ukumbini, hata iwe na magari mengi kiasi gani, haina jambo la tatu, na kuiita "pageantry" kunaipa uzito isiouhitaji.

Sauti ina "fanfare". Kwa asili ni mlio mfupi wa tarumbeta unaotangaza kufika kwa mkubwa, na maana hiyo ingali hai. Maana ya pili ni kelele za kutangaza jambo: hotuba, kamera na vichwa vya habari. Zingatia kwamba maana hii ya pili hutumika mara nyingi sana ili kuonyesha kwamba jambo lilitangazwa kupita thamani yake, au halikutangazwa kabisa. "The bridge was opened without fanfare" maana yake ni kwamba daraja lilifunguliwa kimyakimya, bila makeke. "Fanfare" haitaji furaha ya watu, na anayetaka kusema "nderemo na vifijo" atafute "cheering" au "jubilation".

Mavazi na vyombo vya cheo huitwa "regalia": taji, fimbo, joho la mahafali, vazi la chifu. Nguo nzuri za kutokea ni "finery". Vito vinavyometameta shingoni mwa mwanamuziki ni "bling", neno lililotoka katika muziki wa hip-hop wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, na halifai kabisa katika mwaliko.

Gharama ina ngazi. "Lavish" ni kutumia kwa ukarimu mkubwa, na mara nyingi si tusi. "Sumptuous" ni kwa chakula, kitambaa au chumba kinachoonekana cha thamani, hivyo "a sumptuous dinner" ni sawa. "Extravagant" imekwisha kuvuka mpaka, kwani ndani yake mna madai kwamba fedha zilizidi kiasi. Ile "harusi ya kufuru" ya magazeti yetu ya burudani iko hapo, na ikiwa kilichokukera ni nia ya kuonwa, isogeze mbele mpaka "ostentatious".

Hatua ya 3: Tenganisha ibada na karamu

Hatua hii ni fupi kwa maelezo lakini ndiyo inayosababisha mkanganyiko mkubwa katika mialiko, hata wageni wakafika saa isiyo yao. "Harusi" kwa Kiswahili inaweza kuwa siku nzima. Kwa Kiingereza, "wedding" ni shughuli nzima, "ceremony" ni pale ndoa inapofungwa, iwe msikitini, kanisani au kwa mkuu wa wilaya, na "reception" ni chakula, keki na ngoma zinazofuata. "Marriage" kwa kawaida ni maisha ya ndoa yenyewe, si sherehe. Ukiandika kwamba mtu amealikwa kwenye "ceremony" pekee, msomaji wa London ataelewa kwamba hakualikwa kula.

Shughuli zetu za kabla ya harusi zina majina ya Kiingereza ambayo Kiingereza cha Uingereza hakiyajui kwa maana hiyo. "Send-off", inayotajwa Tanzania kwa karamu ya kumuaga binti, huko ni kumuaga mtu anayeondoka, na katika mazungumzo ni kawaida kabisa kuitumia kwa mazishi: kumpa marehemu "a good send-off" ni kumzika kwa heshima. Kwa msomaji wa nje, andika "the bride's farewell party, given by her family". Vivyo hivyo "kitchen party" itamfanya afikirie watu waliojikusanya jikoni. Mmarekani atakuelewa vizuri ukiandika "bridal shower", kisha ukaongeza sentensi moja kwamba mama na shangazi humfunda bibi harusi na kumkabidhi vyombo vya nyumba yake mpya. Sentensi hiyo ya ziada isiachwe, kwa kuwa kumfunda mwali ndiko kiini cha shughuli.

Hatua ya 4: Hakikisha kama neno linahesabika

Tazama alama ya C au U. "Pomp", "pageantry", "ostentation" na "splendour" kwa kawaida hazihesabiki, kwa hiyo "a pomp" na "many pageantries" hazikubaliki. "A pageant" inahesabika, lakini ni kitu kingine: ni onyesho la kihistoria linaloigizwa, au shindano la urembo. Anayeandika "the school held a pageant" akimaanisha kwamba shule ilifanya gwaride la kupendeza atakuwa amewaambia wasomaji kwamba wanafunzi waliigiza au walishindania taji la ulimbwende.

"Ceremony", "parade", "procession" na "spectacle" zinahesabika na zinahitaji kitangulizi. "Festivities" hubaki katika wingi.

Hatua ya 5: Tafuta jirani wa neno

Neno la Kiingereza halitembei peke yake. Katika kamusi ya wanafunzi, soma mifano yote iliyo chini ya neno, si maelezo pekee, kisha unakili ule unaokaribia sentensi yako. Utaona kwamba "pomp" hupenda kuwa katika "with great pomp" au "all the pomp of a royal wedding", na kwamba imeshikana sana na mwenzake katika "pomp and circumstance". Maneno hayo mawili yaliwekwa pamoja na Shakespeare katika kinywa cha Othello anapoziaga fahari za vita, na mtunzi wa muziki Edward Elgar akayachukua kuwa jina la nyimbo zake za gwaride, ambazo za kwanza zilipigwa mwaka 1901. Mojawapo ndiyo inayosikika katika mahafali ya Marekani wahitimu wanapoingia. Hapo "circumstance" haina maana ya "hali", bali ni taratibu za sherehe, na mfasiri anayeandika "fahari na mazingira" amepotea njia.

Jirani wa "ceremony" ni muhimu zaidi katika maisha ya kila siku. "Please don't stand on ceremony" ni maneno ya ukarimu, sawa na kumwambia mgeni ajisikie yuko nyumbani asione haya. Lakini "unceremoniously" si kinyume chake kilicho laini. "He was unceremoniously removed" maana yake aliondolewa kwa kutimuliwa, bila hata chembe ya heshima. Nimeona taarifa ikitumia neno hilo kwa kiongozi aliyestaafu kimya kimya kwa hiari yake, na kwa msomaji wa Kiingereza mzee wa watu aligeuka mtu aliyefukuzwa.

Mshereheshaji anayekaribisha mgeni rasmi atahitaji "without further ado", yaani bila kuwapotezea muda. Liandikwe "ado". Wapo wengi, na si wageni wa lugha tu, wanaoandika "adieu", ambalo ni neno la Kifaransa la kuagana.

Hatua ya 6: Pima urasmi

"Razzmatazz", "glitz", "bling" na "pizzazz" ni maneno ya mazungumzo na ya kurasa za burudani. Yanafaa kwa tamasha la muziki au uzinduzi wa simu mpya, na yanachefua katika taarifa ya kuapishwa kwa rais. Kwa upande wa pili, "solemnity" ni ya mazishi ya kitaifa na ya kiapo, wala haiendi na mahali palipo na ngoma. Ukisita kati ya neno zito na la kawaida, chukua la kawaida: "a grand celebration" haijawahi kumwaibisha mtu.

Hatua ya 7: Irudishe sentensi katika Kiswahili

Funika sentensi yako ya kwanza ya Kiswahili, soma ya Kiingereza uliyoiandika, uitafsiri upya kwa ukali kadiri kamusi inavyosema. Kama sifa imegeuka lawama, rudi hatua ya 1.

Zifuate hatua hizi kwa mfano mmoja. Sentensi ni hii: "Maharusi waliingia ukumbini kwa mbwembwe, matarumbeta yakitangulia na wasindikizaji wakicheza nyuma yao." Hukumu ni sifa, hivyo "ostentation" inatoka mara moja. Kilichovutia ni mwendo na sauti. "Pomp" ni nzito mno, ni ya dola na ya kanisa kuu. "Fanfare" inashawishi kwa sababu ya matarumbeta, lakini msomaji anaweza kuhisi kwamba yalikuwa makelele ya kujitangaza. Hapa mwandishi mzuri wa Kiingereza huliacha jina la mbwembwe na kuipa fahari sehemu ya tendo lenyewe: "The couple made a grand entrance, with a brass band leading the way and the bridal party dancing behind them." Mbwembwe hazikupotea, maana bendi na ngoma zimezibeba.

Sasa badilisha mtendaji: "Mheshimiwa aliwasili kwa mbwembwe, msafara ukipiga ving'ora, kukabidhi madawati manne." Neno la Kiswahili ni lile lile, hukumu ni nyingine. Hapa ndipo "fanfare" inapostahili: "He arrived with much fanfare, in a convoy with sirens blaring, to hand over four desks." Linganisha sentensi hizo mbili kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Makosa ya kuepuka

"Pompous" ndilo kosa kubwa kuliko yote, na linaumiza kwa sababu anayelifanya huwa na nia njema. "Pomp" ni fahari ya shughuli na inaweza kusifiwa. "Pompous" haina wema wowote: ni mtu anayejikweza, anayeongea kwa maneno makubwa ili wenzake wajione wadogo. "A pompous bride" ni tusi, na "a pompous speech" ni hotuba ya majivuno. Haijalishi kwamba maneno haya yametoka shina moja, la Kigiriki lenye maana ya maandamano, kwa maana matumizi yaliyatenganisha zamani. Ukitaka kivumishi cha kusifu kinacholingana na "pomp", chukua "grand", "magnificent" au "stately". Usichukue "grandiose", ambayo nayo ni lawama kwa mpango au jengo linalojifanya kubwa kuliko uwezo wake.

"Ceremonial" na "ceremonious" zitenganishwe. Ya kwanza ni ya kitu au cheo kilicho kwa ajili ya sherehe. Siwa, zile pembe kubwa zilizopulizwa katika shughuli za watawala na wakubwa wa Pate na Lamu, kwa Kiingereza ni "ceremonial horns", na rais asiye na mamlaka ya utendaji ni "a ceremonial president". Ya pili ni ya tabia ya mtu anayetenda kwa adabu nyingi kupita kawaida, na huitumii kwa pembe.

"Flaunt" na "flout" hukosewa hata na wenye lugha yao. Mtu hu-"flaunt" mali yake, yaani huionyesha kwa maringo. Mtu hu-"flout" sheria, yaani huikiuka bila kujali. Anayeandika "they flaunted the rules" amesema kwamba walizionyesha kanuni kwa madaha.

"Spectacle" ni onyesho la kustaajabisha, lakini "to make a spectacle of yourself" ni kujiaibisha mbele za watu, na "spectacles" ni miwani. "Glamour" huandikwa na u, ilhali "glamorous" huipoteza u ya katikati.

"Flamboyant" ni mtu mwenye madoido ya rangi na mwendo anayefurahia kutazamwa. Si tusi, ila mtu mpole anayependa nguo nzuri hastahili kuitwa hivyo. Ni jina pia la mti wenye asili ya Madagaska ambao wengi wetu tunauita mkrismasi, unaowaka maua mekundu kuelekea Desemba. Ukiukumbuka mti huo ukiwa umechanua, hutalikosea neno.

Ukikwama

Mhariri amekata "pomp and colour". Maneno haya ni kipenzi cha magazeti ya Afrika Mashariki, na kwa wasomaji wa Kampala au Nairobi yanaeleweka bila shida. Nje ya hapa yanasikika mageni. Wapo Waingereza wanaokutana na "colour" na fahari katika jina la gwaride la Juni la siku rasmi ya kuzaliwa kwa mfalme, "Trooping the Colour", lakini humo "colour" ni bendera ya kikosi. Kwa msomaji wa nje andika "pomp and pageantry" ikiwa ni shughuli ya kitaifa, au, bora zaidi, zitaje rangi zenyewe: kanga za aina gani, joho la rangi gani, maua ya nini.

Hotuba inaanza na "itifaki imezingatiwa". "All protocols observed" inapokewa vizuri katika kumbi nyingi za Afrika, lakini hadhira ya Ulaya huduwaa, ikidhani umetaja kanuni za usalama. Waambie "Distinguished guests, ladies and gentlemen", uendelee. Na mgeni rasmi ni "guest of honour". "Official guest" ni mtu aliyealikwa na serikali, hata asiwe na kazi yoyote ukumbini.

Hujui kama neno linalaumu na kamusi haikusaidii. Tafuta matumizi yake katika habari za magazeti ya Kiingereza, usome angalau mifano kadhaa, na uangalie linamhusu nani. Neno ambalo kila mara limewekwa kwa matajiri waliojipatia mali kwa ghafla, kwa wanasiasa walioshindwa au kwa majengo yanayochukiwa, lina lawama ndani yake hata kama maelezo ya kamusi ni baridi.

Sentensi imejaa vivumishi na bado haifani. Futa vyote, ubakize kimoja, kisha uongeze jambo moja lililoonekana kwa macho. "A grand, colourful, glamorous and memorable event" haionyeshi kitu. "The bride came in under a canopy of kanga held up by her aunts" inaonyesha, na fahari imo ingawa haikutajwa.

Kiingereza hakina neno la jambo lako. Vigelegele vina "ululation", neno sahihi lakini la kitaalamu, linalofaa ripoti kuliko simulizi, na unaweza kuandika "the women's high, trilling cries". Kutunza katika taarabu ni kugumu zaidi. "Tipping" inalifanya jambo liwe bakshishi ya mhudumu wa hoteli, na "spraying", inayotumiwa na Wanigeria kwa desturi yao ya kumwagia noti wanaocheza, itambebesha msomaji picha ya Lagos. Usihangaike kutafuta jina. Eleza kinachotendeka, kwa utaratibu kinavyotendeka: mama anainuka kitini ubeti uliomgusa unapoimbwa, anakwenda mbele akicheza polepole, noti ikiwa imeshikwa juu ili wote waione na aliyelengwa ajue ni yeye, anaiweka mkononi mwa mwimbaji, kisha anarudi kitini akicheza vile vile. Kwa Kiingereza: "When the verse touched her, she rose and danced slowly to the front, a banknote held high for all to see, placed it in the singer's hand, and danced back to her seat." Hakuna neno la fahari humo, wala la majivuno, na msomaji wa Kiingereza atayaona yote mawili.